Jeni iliyohama mtaa: kisa cha MYC na uvimbe wa taya

Ukiweka kinyama cha uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto inayovimbisha taya, chini ya hadubini, kinachokupokea kwanza ni wingi. Seli zimebanana kama ulezi kwenye pishi, zote zimeiva rangi ya zambarau, zote zinalingana ukubwa, na kila unapohamisha jicho unaikuta moja ikiwa katikati ya kujigawa. Ndani ya giza hilo kuna vidoa vyeupe vilivyotawanyika, na ndiyo maana wataalamu wa patholojia huiita picha hiyo anga lenye nyota. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza nilidhani nyota ndizo ugonjwa. Kumbe nyota ni seli walaji za mwili, zimeingia kuzoa mizoga ya seli za saratani zilizokufa. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na wakati huohuo seli zake zinakufa kwa wingi usio wa kawaida. Zinazaliana kwa fujo na kufa kwa fujo, mahali pamoja.

Nimeanza na kipande hicho kwa sababu mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, jeni iitwayo MYC, na kukijua chanzo hicho kulichukua miaka mingi. Kisa chenyewe kilianzia kwetu, Kampala. Mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya daktari mmoja wa upasuaji na kirusi kimoja. Mimi nataka kukichambua kwa upande wa jeni, maana huko ndiko kuna somo gumu zaidi kuhusu namna mtafiti anavyothibitisha kwamba jeni fulani ndiyo mkosaji.

Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago alimwita mwenzake Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland, amwangalie mtoto wa miaka mitano. Taya zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Usaha wa jino haufanyi hivyo, na saratani aliyoizoea Burkitt nayo haikuwa ikijitokeza pande nne kwa mpigo. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alipompima alikuta uvimbe tumboni pia. Mtoto mmoja wa ajabu unaweza kumsahau. Wawili wanakulazimisha kufungua mafaili, na ndivyo alivyofanya. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, na baadaye kidogo wataalamu wa patholojia waliokuwa Kampala walionyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia kwenye gari kuukuu wakashuka kusini mwa Afrika, kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wamewahi kuona taya za namna hiyo. Ramani iliyotokana na maswali hayo ilikuwa na mpaka. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ugonjwa ulitoweka. Palipo na joto na mvua, kama ukanda wetu wa Ziwa na pwani, ulikuwepo. Alexander Haddow, aliyekuwa akitafiti virusi Entebbe, alitambua kwamba kinachoamua si kimo chenyewe bali joto. Hapo kila mtu akawaza mbu, na dhana ikawa kwamba kuna kirusi kinachoenezwa na mbu, nacho ndicho kinacholeta saratani.

Dhana hiyo ilikosea, lakini ilikosea kwa namna yenye manufaa, na nitairudia mbele.

Anthony Epstein, mtafiti wa London, alimsikia Burkitt akihutubia Machi 1961, akaomba atumiwe vinyama kutoka Kampala. Vilisafiri kwa ndege, na kwa muda mrefu havikumpa kitu. Tarehe 5 Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege kutua London ikapelekwa Manchester. Chupa ilipomfikia Epstein ilikuwa imechelewa, na maji yake yalikuwa yamechafuka yakawa kama maji ya mchele. Mtu yeyote wa maabara anajua maana ya hali hiyo: bakteria wameingia, mwaga. Epstein hakumwaga. Alichukua tone, akaliweka chini ya hadubini, na badala ya bakteria akaona seli za uvimbe zikielea, zima, zimejitenga na kinyama baada ya kutikiswa njiani. Hizo ndizo zilizokubali kuoteshwa. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli hizo. Leo kinaitwa Epstein-Barr.

Hapa ndipo wengi humalizia hadithi, na hapa ndipo ugumu ulipoanza. Kirusi hicho kilipotafutwa kwa watu wengine kilipatikana karibu kila mahali. Zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wanacho. Hakienezwi na mbu, kinapita kwenye mate. Mama anayemtafunia mtoto chakula anaweza kumpa, na mtoto akakaa nacho maisha yake yote bila kuumwa. Sasa kama kila mtu anacho, kwa nini wanaougua ni wachache? Tena zipo limfoma za Burkitt, hasa Ulaya na Marekani, ambazo hazina kirusi hicho kabisa, na bado chini ya hadubini ni anga lilelile lenye nyota. Kilichozifanya aina zote mbili kuwa ugonjwa mmoja kilipaswa kutafutwa kwingine.

Kilipatikana kwenye kromosomu. Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova, wakifanya kazi Sweden, walitumia mbinu mpya ya kuzipaka kromosomu rangi hadi zionekane zina mistari kama vitenge. Katika seli za Burkitt waliona kromosomu namba 14 moja ina mstari wa ziada mwishoni. Kulikuwa na kipande kimebandikwa, ila hawakujua kimetoka wapi. Jibu lilikuja mwaka 1976 kutoka kwa Lore Zech na wenzake wa Stockholm: kimetoka kwenye kromosomu namba 8. Kromosomu mbili zilikatika zikabadilishana vipande. Baadaye zikaonekana seli chache ambazo namba 8 yao ilikuwa imebadilishana na namba 2 au namba 22 badala ya 14. Namba 8 haikukosekana hata mara moja.

Simama kidogo hapo, kwa sababu hoja ya kisa chote imebebwa na orodha hiyo fupi. Kromosomu 14, 2 na 22 zina jambo moja linalofanana: ndizo zinazobeba jeni za kutengeneza kingamwili. Na seli inayougua Burkitt ni seli B, ambayo kazi yake ni kingamwili. Ndani ya seli B maeneo hayo matatu yana swichi ambazo hazizimwi. Kwa hiyo palikuwa na swali moja tu la kuuliza: kwenye namba 8, mahali panapokatikia, kuna nini?

Mwaka 1982 makundi kadhaa ya watafiti Marekani, kati yao la Riccardo Dalla-Favera na Carlo Croce na lile la Philip Leder, yalijibu karibu kwa wakati mmoja. Kuna MYC. Jeni hiyo ilikuwa imeshajulikana kwa njia ya kando kabisa, kwa kuku, maana kuna kirusi cha kuku kinacholeta saratani kwa kubeba nakala ya jeni iliyoibwa kwa kuku wenyewe. Hakuna aliyekuwa akiwafikiria watoto wa Uganda alipokuwa akichunguza kuku wale. Nawaambia hivi wanafunzi wanaouliza faida ya utafiti usio na mgonjwa mbele yake.

Sasa tuseme MYC hufanya nini. Protini yake haijengi kitu kwa mkono wake. Ni mnyapara. Huungana na mwenzake aitwaye MAX, wakakaa juu ya DNA mahali palipoandikwa herufi CACGTG, na kutoka hapo huamsha maelfu ya jeni nyingine: za kutengeneza protini, za kuchoma sukari, za kuandaa seli igawanyike. Kwenye seli yenye afya mnyapara huyu huitwa msimu wa kazi na huondolewa upesi. Protini moja ya MYC huishi nusu saa hivi, kisha husagwa. Usalama wote wa jeni hii umo katika ufupi wa maisha ya protini yake na katika ukali wa swichi inayoiwasha.

Katika seli ya Burkitt jeni imehamia mtaa wa kingamwili, ambako taa hazizimwi usiku wala mchana. Ujumbe wake unabaki uleule. Herufi zake nazo huweza kuguswa baadaye, lakini shina la tatizo ni anwani. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni huu: kila seli ina nakala mbili za MYC, moja ya baba na moja ya mama. Ndani ya uvimbe, nakala iliyohama inapiga kelele, na ile iliyobaki nyumbani kwa kawaida imenyamaza. Seli ileile, jeni ileile, ila moja imehamishwa na nyingine haikuhamishwa.

Je, hiyo inatosha kusema MYC ndiyo iliyoua? Hapana, na mtafiti mkali hapo anakataa kusaini. Jeni kukutwa eneo la tukio ni jambo moja, kutenda ni jambo jingine. Mwaka 1985 Jerry Adams, Suzanne Cory na wenzao wa Melbourne waliunda panya ambao MYC yao imefungwa kwenye swichi ya kingamwili tangu mimba. Panya wale walipata limfoma. Hapo kosa lilithibitika. Lakini majaribio hayohayo yalifungua swali jipya. Seli B zote za panya hao zilikuwa na MYC iliyowashwa, ila uvimbe ulipotokea ulikuwa wa ukoo mmoja, umetoka kwa seli moja kati ya mamilioni, tena baada ya kusubiri wiki na miezi. Zile nyingine zilizuiwa na nini?

Turudi kwenye nyota. Mwaka 1992 Gerard Evan na wenzake walionyesha kwamba MYC inapowashwa kwenye seli iliyonyimwa lishe, seli haikui, inajiua. Mnyapara anayesukuma kazi bila chakula anasababisha wafanyakazi waanguke. Mwili umeweka breki hiyo kwa makusudi: jeni inayoamuru uzazi hubeba pia amri ya kifo, na seli huokoka tu ikipata ishara nyingine za kuishi. Vile vidoa vyeupe ni breki hiyo ikifanya kazi hata ndani ya saratani, ila haiwahi. Ili ishinde, seli ya Burkitt inahitaji mtu wa kuilegeza breki. Mara nyingine ni jeni ya TP53 kuharibika. Na hapo kirusi cha Epstein-Barr kinarudi kwenye kisa kwa mlango mwingine, kwa sababu kina mbinu za kuizuia seli isijiue. Hakiiwashi saratani, kinaizuia isife.

Malaria nayo ikapata mahali pake. Seli B inapojifunza kutengeneza kingamwili bora hutumia kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho kazi yake halali ni kukwaruza na kukata jeni za kingamwili ili zibadilike. Ni kisu kinachofanya kazi karibu sana na maandishi mengine, na kikiteleza hukata hata MYC. Mwaka 2015 kundi la Davide Robbiani na Michel Nussenzweig wa New York lilionyesha kwa panya kwamba vimelea vya malaria vinavyokaa muda mrefu huzifanya seli B ziendelee kukaa kwenye hatua hiyo ya kukatwakatwa na AID, na panya waliokosa ulinzi wa p53, protini ya ile jeni ya TP53, waliishia na limfoma zilizotokana na makato hayo. Kwa hiyo mbu alikuwa na hatia, lakini si ile aliyoshtakiwa nayo. Hakuleta kirusi. Alileta malaria, na malaria iliiacha mikono ya AID ikishika kisu muda mrefu mno.

Ushahidi wa upande wa watoto wenyewe unapatikana katika utafiti mkubwa uitwao EMBLEM, ulioongozwa na Sam Mbulaiteye, Mganda aliyesomea Makerere na anayefanya kazi katika taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Ulikusanya watoto wa kaskazini mwa Uganda, wa Mwanza na Mara, na wa magharibi mwa Kenya. Sehemu moja ya kazi hiyo iliangalia wabebaji wa selimundu, wale wenye nakala moja tu ya jeni hiyo, ambao tunajua malaria kali haiwapati kirahisi. Uganda walionekana hawapatwi sana na Burkitt. Mtoto hajichagulii selimundu, wala haibadiliki kwa uwezo wa wazazi au umbali wa hospitali, kwa hiyo jibu hilo lina uzito ambao dodoso la vyandarua haliwezi kuwa nao.

Ilipofika 2012 mashine za kusoma DNA zilikuwa zimeshuka bei, na kundi la Louis Staudt likasoma jeni za limfoma za Burkitt moja baada ya nyingine. Orodha ya mabadiliko ilikuwa ndefu, kama kawaida ya orodha hizo, na mengi ndani yake ni takataka tu ya seli inayogawanyika ovyo. Kilichojitokeza ni jozi moja. Takribani asilimia 70 ya uvimbe wa wagonjwa wa nje ya ukanda wa malaria ulikuwa na kasoro kwenye TCF3 au ID3. TCF3 huipa seli B ishara ya kuishi. ID3 ni breki yake. Kwa hiyo ama gari limeongezewa moto, ama breki imekatwa, na matokeo ni yaleyale. Ila watafiti hawakuishia kuhesabu. Waliizima TCF3 ndani ya seli za Burkitt, na seli zikafa. Walirudisha ID3 nzima, na seli zikafa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kusoma jeni na kujua kazi yake, na ningependa kila anayechapisha orodha ya mabadiliko aulizwe: ulizima nini, na nini kikafa?

Watoto wa Afrika Mashariki wana kasoro hizo kwa kiwango kidogo zaidi. Kwa muda ilisemwa kwamba Burkitt ya Afrika na ya Ulaya ni magonjwa mawili. Usomaji mpana uliochapishwa mwaka 2019, ukiwemo wa vinyama vya Uganda, uligeuza meza. Kinachotenganisha uvimbe si bara, ni kama una kirusi au hauna. Wenye kirusi una alama nyingi za kisu cha AID, lakini jeni chache zilizoharibika kati ya zile zinazosimamia kifo cha seli. Na ukishayajua yaliyotangulia, jibu linajieleza: kirusi kinapoizuia seli isijiue, hakuna haja ya kuvunja jeni za kifo. Asiye na kirusi hulazimika kuzivunja. Ni hitaji moja, linatimizwa kwa njia mbili. Kwangu mimi huu ndio ukurasa mzuri kuliko yote, kwa sababu kirusi cha 1964, kipande cha kromosomu cha 1972 na nyota za hadubini vimekaa kwenye sentensi moja.

Dawa ya kuizima MYC yenyewe bado haijaingia wodini. Protini yake haina mfuko ambao kidonge kinaweza kujishikiza, inanyumbuka kama uzi mpaka ikutane na MAX, na majaribio ya kuizuia kwa kupitia pembeni yanaendelea. Watoto wanatibiwa kwa dawa za zamani, cyclophosphamide ikiwa mstari wa mbele, dawa ileile ambayo Burkitt aliona ikiyeyusha uvimbe wa taya ndani ya siku chache miaka ya 1960. Inafanya kazi kwa sababu seli hizi tayari zinaishi ukingoni mwa kifo na zinahitaji kusukumwa kidogo tu. Kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago mwaka 1967, na leo ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mtoto anayefika mapema ana nafasi nzuri. Anayeng'olewa meno matatu kwanza, akapewa antibiotiki mwezi mzima, hufika uvimbe ukiwa umeshaingia tumboni au kwenye uti wa mgongo. Jino likilegea kwa mtoto ambaye hajaanza kubadilisha meno, na shavu likapanda ndani ya wiki moja, achukuliwe kinyama siku hiyohiyo.

Kuna seli ambazo maabara nyingi duniani huzitumia kila siku kujaribu maswali haya ya MYC. Zinaitwa Daudi. Zilitoka kwenye uvimbe wa kijana wa Kenya mwaka 1967 na hazijaacha kugawanyika tangu wakati huo. Zinaelea kwenye chupa, kwenye joto la nyuzi 37, na maji yake, zikishazaliana vya kutosha, huchafuka kama maji ya mchele.